Lofa, Nguvukazi na Bongo: Usawiri wa Kijana Asiye na Ajira katika Katuni za Dar es Salaam na Ulinganisho Wake na Anime ya Kijapani

Katika anime ya Kijapani iitwayo Higashi no Eden, iliyoongozwa na Kenji Kamiyama na kurushwa na Fuji TV mwaka 2009, vijana 20,000 wasio na kazi wanapakiwa katika makontena na kupelekwa Dubai. Ni vijana ambao, muda mfupi kabla ya hapo, walisaidia kuwahamisha wakazi wa mji ili wasiuawe na makombora, na badala ya kushukuriwa wakageuziwa kibao na kulaumiwa. Kufikia kipindi cha 11, ambacho ni cha mwisho, vijana hao hao waliohesabiwa kuwa mzigo wanatuma mawazo yao kwa simu kwa wingi mkubwa, na kutokana na mawazo hayo inapatikana njia ya kuikinga nchi na shambulio jingine. Ni rahisi kwa mtazamaji wa leo wa Dar es Salaam, ambaye anime imemfikia kwanza kwa televisheni na sidii za kunakiliwa na sasa kwa simu yake ya mkononi, kudhani kwamba wazo la kijana asiye na ajira lakini mwenye uwezo mkubwa usiotumika ni wazo lililotoka Tokyo.

Makala haya yanadai kinyume chake. Sanaa ya picha ya Dar es Salaam ilimshughulikia kijana huyo takriban robo karne kabla ya Kamiyama, tena kwa namna tofauti. Haikumwona kuwa hazina iliyofukiwa inayongoja mchimbaji. Ilimwona kuwa mtu anayetumia akili yake kila siku, hadharani, huku dola ikikataa kuyatambua matumizi hayo kuwa kazi. Tofauti hiyo si ya kimtindo tu. Anayemwona kijana kuwa hazina iliyolala humtafutia mtu wa kumwamsha, ilhali anayemwona kuwa tayari yu macho hulazimika kuuliza ni nani aliyeamua kwamba kuwa macho huko si kazi.

Katuni zinazojadiliwa zilisomwa mji mzima na nje yake, lakini watu waliochorwa ndani yake walikuwa zaidi wa vitongoji kama Mwananyamala, Kinondoni, Manzese, Buguruni na Temeke kuliko wa Oysterbay. Mwananyamala, ambao ulipanuka kwa kasi baada ya uhuru, unafaa kuwa kielelezo kwa sababu una sifa zote ambazo mchoraji alizihitaji: nyumba za Kiswahili zenye baraza, vichochoro vinavyomlazimisha mpita njia kusalimiana na waliokaa, na kundi la vijana lisilokosekana penye kivuli. Upo pia karibu na Makumbusho ya Kijiji, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1960 ili kuhifadhi nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Hivyo kijana wa Mwananyamala aliyeambiwa na serikali yake arudi kijijini angeweza kutembea kwa miguu na kukikuta kijiji hicho kimekwisha kuwekwa katika makumbusho, kikiwa na kiingilio.

Majina kabla ya picha

Kabla mchoraji hajashika kalamu, kijana asiye na ajira alikuwa amekwisha kupewa majina, na kila jina lilikuwa na sheria nyuma yake. Burton (2005) ameonyesha kwa kina jinsi utawala wa Waingereza ulivyomjenga mhuni wa Dar es Salaam kuwa tatizo la kiutawala: Mwafrika aliye mjini pasipo mwajiri alichukuliwa kuwa mtu aliye mahali pasipo pake. Kanuni ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa ilihalalisha kukamatwa na kurudishwa kwao makwao, na misako ya namna hiyo iliendelea hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Kanuni ya Adhabu nayo ilikuwa na vifungu vya uzururaji, vifungu vya 176 na 177, ambavyo vilibaki katika vitabu vya sheria baada ya bendera kubadilishwa.

Uhuru haukuliondoa jina hilo, bali uliliongezea uzito wa kimaadili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliigawa jamii kati ya wafanyao kazi na wanaowanyonya wafanyao kazi, na katika lugha ya siasa iliyofuata asiyefanya kazi aliitwa kupe. Kwa mujibu wa mizani hiyo, bepari mwenye majumba ya kupangisha na kijana aliyekaa barazani Mwananyamala bila senti mfukoni waliangukia upande mmoja. Huu ni mkanganyiko ambao wahakiki wa fikra za ujamaa hawajaupa uzito unaostahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijiji cha Gezaulole, kusini mwa jiji, kilitengwa kiwe mahali ambapo wakazi wa mji wasio na kazi wangeanza maisha ya ujamaa. Jina lake, kwa Kizaramo, lina maana ya jaribu uone.

Wakati huo mji haukuacha kukua. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta wakazi wapatao 273,000. Ile ya 1978 iliwakuta zaidi ya 840,000, na ile ya 1988 takriban 1,360,000. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na kudorora kwa viwanda viliufanya mshahara kuwa kitu adimu, na hata aliyekuwa nao hakuweza kuufikisha katikati ya mwezi. Katika hali hiyo ndipo ilipokuja Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, mwaka ule ule wa msako dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Kila mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi alitakiwa athibitishe kwamba anayo. Aliyeshindwa aliweza kukamatwa, kupandishwa lori na kupelekwa shambani au kijijini. Wanawake wasioolewa walikuwa katika hatari ya pekee, kwa kuwa mwanamke asiye na mume wala mwajiri alishukiwa mara moja kuwa malaya.

Neno nguvukazi lenyewe lastahili kutazamwa. Limeundwa kwa nguvu na kazi, na ndani yake hamna akili. Mtu anayeitwa nguvukazi anahesabiwa kwa misuli yake, kama inavyohesabiwa nguvu ya trekta, na tatizo lake linakuwa la usafirishaji: nguvu imelundikana mahali pasipoihitaji, basi ihamishiwe inakohitajika. Hapa pana jambo la tarehe ambalo haliwezi kupuuzwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote, na utekelezaji wake wa nchi nzima ukaanza mwaka 1977. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka huo alihitimu darasa la saba mwaka 1983. Shule za sekondari zilikuwa chache mno kuweza kumpokea. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha Watanzania ambao karibu wote walijua kusoma kilitoka shuleni mwaka ule ule ambao sheria ilikihesabu kuwa nguvu tu. Dola ilikuwa imemfundisha kijana kusoma, kisha ikamtaka ajieleze kwa jembe.

Kampeni haikudumu kwa ukali wake. Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na wengi wa waliosafirishwa walikuwa wamekwisha kurejea mjini kwa njia zao wenyewe. Kilichobaki ni cha ajabu zaidi. Tripp (1997), aliyefanya utafiti wake Manzese na Buguruni katika miaka ya 1980, ameeleza jinsi sheria hiyo ilivyoishia kutoa leseni kwa wafanyabiashara wadogo. Leseni ya nguvukazi, iliyotokana na jitihada za kuwaondoa watu barabarani, ikawa hati ya kuwaruhusu kubaki barabarani. Iliendelea kutumika hadi ilipofutwa mwaka 2003. Kwa maoni yangu, hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba watu waliotakiwa kupangiwa kazi walikuwa tayari wanafanya kazi.

Lodi na lofa

Katuni ya magazeti haikuanza katika miaka hiyo. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa amekwisha kuwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, na umaarufu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba jina lake liliingia katika lugha ya kawaida. Hata hivyo Uhuru lilikuwa gazeti la chama, na kicheko chake kilikuwa na mipaka ya chama. Mabadiliko yalikuja na jarida la Sani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambalo jina lake lilitokana na herufi za mwanzo za majina ya waasisi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Sani lilichanganya hadithi, picha na katuni, na lilijitegemea kibiashara: liliishi au kufa kwa hiari ya msomaji aliyetoa fedha yake.

Humo ndimo walimozaliwa wahusika ambao vizazi viwili vya wasomaji wa Kiswahili wanawajua kwa majina: Ndumilakuwili, Komredi Kipepe, Madenge, Pimbi na Lodi Lofa. Mchoraji aliyehusika sana na kuwapa sura alikuwa Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Baada yake wachoraji wengine waliendelea kuwachora, jambo linaloonyesha kwamba wahusika hao walikuwa wamekwisha kuwa mali ya wasomaji.

Tumtazame Lodi Lofa kupitia jina lake. Lofa ni neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, likimaanisha mtu anayezurura bila kazi, na kwa Kiswahili cha mjini likapanuka hadi kumtaja fukara asiye na mbele wala nyuma. Lodi nalo ni bwana mkubwa, mwenye cheo cha ukabaila wa Uingereza. Maneno mawili yanayokataana yamewekwa bega kwa bega, na hakuna kiunganishi kati yake. Halikuitwa Lodi aliyekuwa Lofa, wala Lofa atakayekuwa Lodi. Yupo kwa hali zote mbili kwa wakati mmoja: mfuko wa lofa, mwendo na madai ya lodi. Hapo sanaa ilifanya jambo ambalo sheria ya mwaka 1983 haikuweza kulifanya, yaani kumfikiri mtu asiye na ajira ambaye kukosa kwake ajira si habari yote juu yake.

Mtu anaweza kujibu kwamba jina hilo ni dhihaka tu, na kwamba msomaji alimcheka lofa anayejifanya lodi. Ni kweli kwamba dhihaka ipo. Neno lofa halijawahi kuwa neno la heshima. Mwaka 2015, katika uzinduzi wa kampeni za CCM viwanja vya Jangwani, Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliwaita wapinzani wa chama chake wapumbavu na malofa, na neno hilo likazua mjadala nchi nzima kwa sababu waliolisikia waliujua uchungu wake. Lakini dhihaka ya katuni ina pande mbili. Msomaji wa Sani aliyekaa barazani na jarida lililokwisha kupita mikononi mwa watu kumi hakuwa akimcheka mtu wa mbali. Alikuwa akimcheka jirani yake, na siku nyingine akijicheka mwenyewe. Kicheko cha namna hiyo hakimfukuzi mtu mjini. Kinamthibitishia kwamba yumo.

Umbo la katuni ya mfululizo nalo lina maana yake. Mhusika wa katuni inayotoka toleo baada ya toleo hawezi kupata ajira ya kudumu, kwa kuwa siku akiipata hadithi imekwisha. Kila toleo linamkuta pale lilipomwacha, akiwa na haja mpya na mbinu mpya. Mhakiki wa juujuu angeliita hili kutoendelea kwa mhusika. Mimi naliona kuwa uaminifu kwa maisha yaliyochorwa. Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1980 kazi ilikuwa ya siku moja moja, na hata leo aliye na kibarua cha namna hiyo huitwa deiwaka. Fanani aliyemwahidi msomaji wake kwamba mwisho wa hadithi kuna ofisi na mshahara angekuwa akimdanganya. Mfululizo usio na mwisho ulimwonyesha kitu kingine: wingi wa akili unaohitajika ili mtu afike jioni.

Lazima pia tukumbuke ni nani aliyezitengeneza kazi hizi. Callaci (2017) amewachunguza vijana waliohamia Dar es Salaam wakiwa na elimu kiasi lakini bila njia ya uhakika ya kupanda ngazi, ambao katika miaka ya 1970 na 1980 waliandika, wakachapisha na kuuza wenyewe riwaya fupi za mapenzi na upelelezi. Hammie Rajab na Kajubi Mukajanga ni miongoni mwa majina yanayojulikana zaidi ya kizazi hicho. Katuni ilizaliwa katika mazingira hayo hayo, ya karatasi adimu na mitambo ya kuazima. Hivyo kijana mwenye kipaji kisichotambuliwa hakuwa mada ya katuni peke yake, alikuwa pia mtengenezaji wake. Edward Saidi Tingatinga alikuwa amelionyesha hilo mapema zaidi. Huyu aliyetoka kusini, akapitia vibarua na utumishi wa nyumbani, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya mbao laini, na picha zake zikauzwa Morogoro Stores huko Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Mtindo aliouacha ungali unawalisha mamia ya watu. Kwa jicho la doria ya usiku ule, hata hivyo, alikuwa mtu wa kushukiwa tu.

Kufikia miaka ya 1990, soko huria na uhuru wa magazeti vilileta majarida na magazeti mengi ya katuni, likiwemo jarida la Kingo la James Gayo. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikipunguza makumi ya maelfu ya watumishi wake kwa masharti ya wakopeshaji. Lofa hakuwa tena kijana aliyetoka shamba peke yake. Alikuwa pia karani wa jana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri.

Chumba na kijiwe

Sasa ndipo ulinganisho na Japani unapofaa, kwa kuwa historia za nchi hizi mbili, pamoja na tofauti kubwa ya utajiri, zina ukaribu wa nyakati. Uchumi wa Japani ulianguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na waliohitimu masomo katika miaka iliyofuata walikuta milango ya makampuni imefungwa. Wajapani wenyewe wanakiita kipindi hicho enzi ya barafu ya ajira. Maneno mapya yakazaliwa: furita, kijana anayeishi kwa vibarua, hikikomori, anayejifungia ndani kwa miezi au miaka, na baadaye niito, ambalo asili yake ni ripoti ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1999 kuhusu vijana wasio shuleni, kazini wala mafunzoni. Japani ilipolichukua neno hilo iliwahesabu walio na umri wa miaka 15 hadi 34. Sera ya vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Takwimu zinakaribiana, lakini picha hazifanani.

Katika N.H.K. ni Yokoso!, anime ya vipindi 24 ya mwaka 2006 iliyotokana na riwaya ya Tatsuhiko Takimoto, mhusika mkuu Sato ameacha chuo kikuu na anaishi chumbani mwake akiamini kwamba kuna njama kubwa inayomfungia humo. Mandhari ya ukosefu wa ajira katika anime hii ni chumba: kitanda, televisheni, taka za chakula, pazia lililoshushwa. Fedheha yake ni fedheha ya kutoonekana, na mtu pekee anayemtesa kwa macho ni yeye mwenyewe.

Kijana wa Mwananyamala hana chumba cha kujifungia. Mara nyingi chumba anacholala ni cha watu watatu au wanne, na asubuhi lazima akipishe. Mandhari yake ni kijiwe, neno linalotokana na jiwe dogo la kukalia na ambalo sasa linataja mahali popote wanapokutana wasio na pa kwenda. Fedheha yake ni ya kuonekana mno. Mpangaji, shangazi, mama muuza maandazi na askari mgambo wote wanajua kwamba leo tena hajakwenda kazini. Ndiyo maana sheria za uzururaji ziliwezekana Dar es Salaam: watu wa kukamatwa walikuwa wamekaa nje. Ndiyo maana pia katuni ya Dar es Salaam ni sanaa ya mtaani, ambayo ndani yake mtu mmoja peke yake kwenye fremu ni nadra, kwa kuwa daima kuna anayetazama na anayetia neno.

Kijiwe ni mahali pa kubadilishana habari za kazi, bei, misiba na siasa, na mtu asiyekaa kijiweni hupitwa. Hata biashara za picha zilitegemea mkusanyiko huo. Vibanda vya kuonyeshea video vya Mwananyamala, Manzese na Temeke vilizaa kazi ambayo haikuwa na jina katika orodha yoyote ya ajira: kazi ya kutafsiri na kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, iliyompa umaarufu Derek Mukandala, anayejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Wasimulizi wa namna hiyo hawakungoja simu yenye mabilioni.

Na hapa tunaifikia Higashi no Eden kwa undani zaidi. Shujaa wake, Takizawa Akira, anaamka bila kumbukumbu akiwa na simu iliyotiwa yeni bilioni 10, aliyopewa kwa masharti kwamba aitumie kuiokoa nchi. Anime inasifiwa, na inastahili sifa, kwa kukataa kumtukana kijana asiye na ajira. Lakini utaratibu wa hadithi unamhitaji mkombozi mwenye fedha ili mawazo ya wale 20,000 yakusanyike na yafae. Kabla ya simu yake walikuwa kundi. Baada yake wanakuwa akili ya pamoja. Vipindi 11 lazima vifike mwisho, na mwisho huo unatoka kwa yule anayeshika mfuko. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi pia kupita juu ya lile jina la Dubai bila kuwakumbuka vijana wa pwani wanaokwenda Ghuba kutafuta riziki, wala juu ya makontena bila kuyakumbuka malori ya nguvukazi. Nchi mbili zilizotofautiana kwa karibu kila kitu zimekutana katika ndoto moja: kwamba tatizo la vijana litakwisha iwapo vijana watapelekwa mahali pengine.

Mfano wa simu ya Takizawa una jamaa yake katika sera za hapa. Tangu marekebisho ya sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 2018, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Sipingi mikopo. Ninachoona ni kwamba fikra iliyo nyuma yake ni ile ile ya hazina iliyolala: kijana yupo, uwezo upo, panakosekana ufunguo. Katuni za miaka ya 1980 zilipendekeza swali jingine. Je, yule ambaye amekwisha kuutumia uwezo wake kwa miaka 15, akibomolewa kibanda na kujenga upya, anakosa ufunguo au anakosa kuachwa afanye kazi?

Bongo

Watu wa mji walikuwa na neno lao kwa jambo hili, nalo ni nadharia kamili. Dar es Salaam iliitwa Bongo, ukubwa wa ubongo, kwa maana kwamba huko haishi ila mwenye kutumia kichwa. Jina lilienea katika miaka ya shida za uchumi, likashika mji, kisha nchi, kisha muziki wa Bongo Fleva na filamu za Bongo. Tukiliweka kando ya nguvukazi tunaona jibu lililotolewa na waliohesabiwa: mlituita nguvu, sisi tunajiita ubongo. Sijui jiji jingine ambalo wakazi wake maskini wamelibatiza kwa jina la kiungo cha kufikiri. Uhuishaji wa Kitanzania wenyewe umelirithi neno hilo. Mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids, kinachotengenezwa Dar es Salaam na kufundisha hisabati na sayansi kwa katuni zinazotembea na kuimba, kilianza kurushwa, kikafuatiwa na Akili and Me. Bila shaka waliovipa majina walikuwa wakiwafikiria watoto, lakini neno walilolichagua lina historia ya kijiweni.

Sifa ya ubongo, hata hivyo, ina hatari yake, na katuni hazikuiepuka. Ikiwa kila mtu mjini anaishi kwa ujanja, basi anayeshindwa anaonekana kuwa mjinga, na dola inapumua kwa kuwa haidaiwi tena chochote. Mhusika mjanja anayefika jioni kila toleo humfanya msomaji asahau wale ambao jioni haikuwafikia. Ndumilakuwili, aliyepewa jina la nyoka anayedhaniwa kuwa na vichwa viwili, anatukumbusha pia kwamba akili inayolazimika kuishi kwa siku moja moja hujifunza kudanganya, na mara nyingi wa kwanza kudanganywa ni maskini mwenzake.

Upungufu mkubwa zaidi upo kwa wanawake. Nimekwisha kutaja kwamba msako wa mwaka 1983 ulimhatarisha mwanamke asiye na mume zaidi kuliko mwanamume asiye na kazi. Katuni zilizomtetea lofa kwa kicheko hazikumpa mwenzake wa kike utetezi huo. Kijana wa kiume asiye na ajira alipewa jina, mavazi, mwendo na madai. Msichana asiye na ajira alichorwa zaidi kama kishawishi cha huyo wa kwanza, au mlaji wa fedha zake, mara nyingi kwa umbo lililotiwa chumvi kiunoni na makalioni. Lakini Tripp ameonyesha kwamba wanawake wa vitongoji hivi hivi ndio walioendesha sehemu kubwa ya biashara ndogo zilizoziokoa kaya wakati mshahara wa mume uliposhindwa: maandazi, pombe, ushoni, ufugaji wa kuku. Anime haiko mbali na lawama hii. Saki wa Higashi no Eden anaanza akiwa mhitimu anayehangaikia usaili wa kazi, naye anadhalilishwa na wenye ofisi, lakini hadithi inamfanya kuwa shahidi wa mambo ya Takizawa kuliko mwenye mambo yake. Baraza la Mwananyamala lina kijiwe cha wanaume upande mmoja na jiko la maandazi upande wa pili, umbali wa hatua chache. Wachoraji waliketi upande wa kijiwe, na katika fremu zao yule wa jikoni huonekana kwa nadra, akigeuza chapati, bila jina.